Lenzi Pana ya Makereta

Makereta Vuniwai alikuwa mpiga picha wetu hapa Levuka, mji mdogo wa kisiwani, na kwa miaka kumi na tisa alipiga picha moja tu. Nasema moja kwa sababu zote zilifanana. Ukiingia studio yake, chumba cha mbele cha nyumba ya mbao inayotazama bahari, alikukalisha kwenye stuli, nyuma yako pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Alikushika kidevu kwa vidole viwili kama anayechagua papai, akakigeuza kidogo kushoto, akarudi nyuma ya kamera na kusema, "Usipumue." Hukupumua. Picha ikitoka ulikuwa wewe, kichwa na kifua, umekodoa macho kama mtu aliyeulizwa jambo na polisi. Bwana arusi alitoka hivyo. Mtoto wa ubatizo alitoka hivyo. Na marehemu wote wa kisiwa hiki, ambao picha zao zilitangulizwa mbele ya jeneza, walitoka hivyo, na tofauti yao na sisi tuliobaki ilikuwa ndogo sana.

Mimi ni binamu wa mwanamke huyo, mtoto wa mjomba wake, na kwetu binamu wa namna hiyo ana ruhusa ya kusema lolote.

"Makereta," nilimwambia zaidi ya mara moja, "hayo maporomoko yako yamewatisha watu maisha yao yote."

"Sura ndiyo mtu," alinijibu. "Kinachobaki ni nguo na samani. Na wewe, mwalimu, sura yako ndiyo inayoyatisha maporomoko."

Kazi hiyo aliifanya kwa lenzi moja ndefu ambayo hakuruhusu mtu mwingine aiguse. Ilivuta uso wa mtu kutoka mbali, ikaulainisha, ikaiacha pua mahali ilipozaliwa. Mwaka wa tisini na tatu, mwezi wa Julai, aliichukua kwenda gatini kupiga picha za arusi. Jamaa wa bwana arusi walikuwa wanashuka kwenye boti kutoka kisiwa cha Gau. Kamera ilikuwa shingoni mwake, bado haijavishwa lenzi. Lenzi ilikuwa kwenye begi begani. Bibi yake bwana arusi, mama wa baba yake, mwenye mwili wa kutosha watu wawili, aliweka mguu mmoja gatini na mwingine akauacha botini, na boti ikaanza kuondoka na mguu ule. Bibi alitafuta pa kushika. Akashika mkanda wa begi la Makereta.

Wanaume wanne walimdaka bibi. Mkanda ulikatika, na begi likazama kati ya boti na gati, polepole, likitoa mapovu. Watu wote walimshukuru Mungu kwa ajili ya bibi. Makereta naye alimshukuru, ila alichelewa kidogo. Alasiri ile wapiga mbizi wawili waliingia majini mara tatu, wakatoka na kiatu kimoja na sufuria isiyo na mwenyewe.

Aliandika barua mji mkuu, Suva. Akajibiwa kwamba lenzi ya aina ile ingeagizwa ng'ambo na ingechukua miezi. Na watu hawakuacha kuoana kwa kumsubiri. Ndipo akakumbuka kwamba kabatini kulikuwa na lenzi nyingine. Miaka ya nyuma mzungu mmoja wa Nyuzilandi alikaa kwao wiki tatu akipiga picha majengo ya zamani ya mji, akala muhogo na samaki wa nazi mpaka suruali zikambana, na siku ya kuondoka akamwachia Makereta lenzi moja kama shukrani. Ilikuwa fupi na nene, kioo chake kimetokeza kama jicho la chura. Alimweleza kwamba ni lenzi pana: inameza nyumba nzima bila wewe kuvuka barabara. Makereta hakuwa na haja ya kumeza nyumba, akaitupia kabatini pamoja na vibanio vya nguo.

Sasa aliitoa, akaifuta vumbi, akaivisha kamera.

Wa kwanza kuketi mbele yake alikuwa Mama Akanisi, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, aliyehitaji picha ya kuwekwa kwenye kitabu cha mkutano wa mwaka. Mama Akanisi ni mtu wa heshima. Akikohoa barabarani, magari hupunguza mwendo. Alikuja na gauni jeupe, nywele zimechanwa zikasimama duara kamili, akaketi.

Makereta alichungulia kwenye kamera akamwona mama wa watu yuko mbali, mdogo kama sanamu ya keki, na kuzunguka kwake studio nzima: kingo za pazia, ndoo, miguu ya meza. Hilo hakulitaka. Alitaka uso ujae kama siku zote. Akasogea. Uso bado mdogo. Akasogea tena. Mwishowe alikuwa karibu kiasi kwamba Mama Akanisi alimwambia, "Mwanangu, asubuhi umekula vitunguu."

"Usipumue, mama," alisema Makereta, na kwa mara ya kwanza maneno hayo yalikuwa na faida kwa anayepigwa picha.

Kwenye kioo cha kamera aliona kuna kitu si cha kawaida, lakini wiki ile alikuwa amepata miwani mipya, na kila kitu cha ajabu wiki ile alikilaumu kwa miwani. Akapiga picha sita.

Siku zile filamu zote zilipelekwa Suva kwa boti zikasafishwe, na zilirudi baada ya wiki. Bahasha ilipofika Makereta hakuwepo, na mumewe, Josefa, kwa nia njema kabisa, akaipeleka moja kwa moja kwa Mama Akanisi.

Nilikuwa studio nikinywa chai Mama Akanisi alipoingia. Hakusalimia. Aliweka picha moja mezani, kifudifudi, akaketi, akakunja mikono.

"Makereta, mwanangu. Igeuze. Niambie huyo ni nani."

Makereta aliigeuza. Mimi nilinyanyua kikombe nikafunika nacho mdomo.

"Ni wewe, mama," alisema Makereta.

"Angalia vizuri."

"Ni wewe, mama. Ila pua imetangulia kidogo."

"Imetangulia kwenda wapi?"

Makereta aliitazama picha tena. Pua ilikuwa pale mbele, imeiva kama shelisheli, na nyuma yake, kwa mbali, uso ukiifuata. Paji la uso lilikuwa linaondoka. Kidevu kilikuwa kinaondoka upande wa pili.

"Na masikio yangu," aliendelea Mama Akanisi. "Nilikuja hapa na masikio mawili. Josefa amenirudishia picha, masikio hajanirudishia."

"Yako nyuma ya mashavu, mama."

"Yanafanya nini huko?"

Aliondoka bila kupaza sauti, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. Kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulijua. Picha tano alizichana mwenyewe. Ya sita haikuonekana, lakini waliokaa kunywa kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, na mume wa Mama Akanisi Ijumaa ile walisema mzee alikuwa anatoa kitu mfuko wa shati, anakitazama, mabega yanamtetemeka, anakirudisha.

Ilibidi kuomba radhi kwa desturi. Wazee wa ukoo walitoa mkeka mzuri na jino la nyangumi, na kwa kuwa mimi ni mwalimu na husemwa nina maneno, nikachaguliwa kuwa msemaji. Nimewahi kusemea posa, nimewahi kusemea misiba, lakini sijapata kazi ngumu kama ile. Niliketi chini mbele ya Mama Akanisi, jino mikononi, macho kwenye mkeka, nikasema kwamba ukoo wetu umekuja kwa unyenyekevu kwa sababu ya kosa lililotendeka juu ya uso wake. Nilikwepa kutaja pua. Kila nilipoikaribia, hotuba niliipeleka kushoto. Nyuma yangu Makereta alikuwa anasikika akivuta pumzi kwa kukatika, watu wakadhani analia.

Mama Akanisi alilipokea jino. Akasema amesamehe.

"Lakini nasema neno moja," aliongeza. "Kile kidude kisinisogelee tena. Kikitaka kunitazama, kinitazame kikiwa mbali, kama watu wenye adabu."

Tulirudi kwa miguu. Nilitegemea tutacheka njia nzima.

"Binamu," alisema tulipofika kwenye daraja, "unasikia alivyosema? Kisinisogelee."

"Nimesikia. Na mimi nakuomba hivyo hivyo."

"Nyamaza, nafikiri. Huenda kioo hakina kosa. Mimi ndiye niliyemwendea karibu. Hata wewe, nikikuwekea jicho hapa kwenye pua, nitaona pua tupu, na kwa pua yako hiyo sitaona kisiwa."

Kesho yake asubuhi aliingia jikoni na kamera. Josefa anafanya kazi kwenye tanuri la mkate, anaanza alfajiri na kumaliza mapema, na saa nne alikuwa kwenye kigoda chake anamenya magimbi. Makereta alimwambia asiondoke.

"Naweza kuendelea kumenya?" aliuliza Josefa.

"Endelea."

Hilo tu ndilo alilotaka kujua. Makereta alimpiga picha akiwa umbali wa mkono mmoja, akaandika kwenye daftari. Akarudi hatua moja, akapiga, akaandika. Hatua mbili. Tatu. Alipofika sita alikuwa nje ya mlango, mguu mmoja kwenye beseni la vyombo. Halafu akamweka Josefa katikati ya kioo, kisha pembeni, kisha pembeni kabisa. Akapiga akiwa juu ya meza, akapiga akiwa amelala kifudifudi sakafuni. Josefa alimenya magimbi yote, akamenya na ya kesho.

Picha ziliporudi alizipanga mezani kama karata, akaniita. Ya karibu ilikuwa balaa: Josefa pua na magoti. Kadiri hatua zilivyoongezeka pua ilirudi nyumbani, masikio yakajitokeza kutoka mafichoni. Alipowekwa pembeni alivutika upande kama chapati inayosukumwa. Ile iliyopigwa kutoka juu ya meza ilimpa kichwa kikubwa na miguu ya ndege. Ile ya sakafuni ilimpa miguu ya mlingoti na kichwa cha njiwa.

Lakini kulikuwa na moja, hatua ya nne, kamera usawa wa kifua, Josefa katikati. Mtu alikuwa mtu. Kuzunguka kwake jiko lote lilikuwa limeingia: masufuria yaliyoning'inia, shati lake la kazini lenye unga kwenye msumari, paka chini ya kabati, dirisha na bahari ndani yake, kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuna aliyekumbuka kuitoa. Na katikati ya vyote hivyo, ameinama kidogo, kisu mkononi, ganda la gimbi linashuka refu bila kukatika.

Makereta aliichomoa ile kati ya nyingine.

"Binamu," alisema, "Josefa ana mikono mizuri."

"Umeolewa naye miaka ishirini na mbili."

"Mikono haikuwa inaingia kwenye picha."

Nikainama nikaitazama mikono ile. Wiki ile aliyashusha maporomoko ya maji. Pazia lilikatwa likawa vifuniko vya magunia ya unga, na mpaka leo Josefa akibeba gunia unaweza kuona kipande cha mto.

Tangu hapo alifunga studio siku tatu kwa wiki na kuwafuata watu walipo: fundi boti kwenye boti, mama wa samaki kwenye samaki, mchonga bakuli ndani ya vipande vya mti. Mwanzoni watu walisita, maana habari ya Mama Akanisi ilikuwa imefika hata visiwa vya jirani. Kisha wakaona picha za wenzao. Kisha wakawa hawashikiki.

Balaa ya lenzi pana ni kwamba kila kilichomo nyumbani kwako kinaingia, na watu walipolijua hilo walianza kuzipanga nyumba. Kulikuwa na cherehani moja ya Mama Torika ambayo kwa mwaka ule ilionekana kwenye picha za nyumba saba tofauti. Sajenti Vilikesa wa polisi, mtu mfupi mwenye cheo kirefu, alipata fununu ya zile picha za sakafuni, akamwomba Makereta kwa siri alale chini na kamera. Sajenti alitoka pichani na miguu kama nguzo za simu. Akaipeleka kwa mama yake kule kisiwa cha Kadavu, na mama akaandika kuuliza mwanawe anakula dawa gani na kama ina madhara.

Picha za familia ndizo zilizokuwa vita. Ilishajulikana kwamba ukisimama pembeni unavutika, kwa hiyo kila mtu alitaka katikati, na mashemeji ndio waliosukumwa kingoni. Kuwekwa pembeni kukawa tusi. Halafu baadhi ya ndugu wembamba wakagundua kwamba pembeni unapata mwili bila kula, nao wakaanza kupaombea. Makereta alikuwa anapanga watu kwa fimbo kama trafiki, na mtu akibisha alimwambia, "Bishana na kioo, mimi mwenyewe kilinigombanisha na Mama Akanisi mpaka jino la nyangumi likatoka."

Sasa nifike kwa ndugu wa Vunimoli.

Vunimoli ni kijiji cha mwendo mfupi kutoka mjini. Pale waliishi ndugu wawili, Ilaitia na mdogo wake Waisale, nyumba zao zikiwa ubavu kwa ubavu, baraza kwa baraza, hatua ishirini katikati. Hawakuwa wamesemezana kwa miaka minane. Ilaitia ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya, na Waisale alikuwa besi, sauti nene ya kwaya. Miaka minane nyuma, kwenye mashindano ya kwaya ya mkutano mkuu kule Suva, katika mazoezi ya mwisho, Ilaitia alisimamisha wimbo mbele ya waimbaji arobaini na kusema, "Kuna besi moja inazama, na inatoka upande wa damu yangu." Waisale alifunga kitabu cha nyimbo, akapanda boti ya kwanza, akarudi nyumbani. Kwaya ikawa ya tisa. Kuanzia hapo Waisale aliketi kanisani benchi la nyuma kabisa, akaimba na waumini wa kawaida, kwa sauti kubwa kuliko lazima. Wake zao walipeana chumvi na mboga juu ya ua kila siku. Wao wawili, hata salamu hapana.

Ilaitia alipostaafu, kwaya iliamua picha yake ikatundikwe kwenye ukumbi wa kanisa. Makereta akaitwa.

Alimweka mzee kwenye ngazi za nyumba yake, sulu ya kijivu, vazi letu la kiunoni kama msuli, tai, kitabu cha nyimbo gotini, mkononi kile kijiti cha mpera alichoongozea. Akarudi hatua nne. Waisale alikuwa kwenye baraza lake anakuna nazi. Aliposikia mambo ya picha aliinuka, akaingia ndani, akatoka na shati jeupe na sulu ya Jumapili, akasimama mwisho wa baraza, kifua mbele, akaitazama bahari kama mtu anayesubiri meli yake. Makereta hakumwona. Alikuwa anapambana na kuku.

Filamu ilikwenda Suva. Siku iliporudi, Mchungaji Aporosa alikuwa Suva kwa shughuli zake, akapewa bahasha aje nayo. Njiani bahari ilikuwa tulivu, safari ndefu, na mchungaji ni binadamu. Akaifungua.

Jumapili alisimama mimbarini. Alisema safari hii Mungu amemwonyesha jambo kwa macho yake. Amewaona ndugu wawili, waliotengana miaka minane, wako katika picha moja, mmoja ameketi, mwingine amesimama nyuma yake kama mlinzi. Hakuambiwa na mtu kwamba wamepatana, alisema, wamelifanya kimyakimya, na huo ndio unyenyekevu. Akina mama walianza kulia. Mtu akaanzisha wimbo. Ilaitia mbele na Waisale nyuma walikuwa wanatazama sakafu, kila mmoja akiwa na uso wa mtu aliyekuta jina lake kwenye orodha ya wajumbe bila kuulizwa. Ungefanyaje? Huwezi kusimama kanisani ukatangaza kwamba hapana, bado mnachukiana.

Jumatatu asubuhi Ilaitia alikuwa mlangoni kwa Makereta.

"Mkate," alisema.

"Nani, baba?"

"Unamjua nani. Chukua mkasi umkate."

Makereta aliitoa picha. Ilaitia alikuwa katikati, mzuri hasa, kila kunyanzi mahali pake. Pembeni kulia alikuwa Waisale.

"Nikimkata yeye naikata nguzo ya nyumba yako, na nusu ya mlango. Utabaki umeketi kwenye nyumba inayoanguka."

Hajamaliza kusema, Waisale akaingia. Alipomwona kaka yake alisimama, akamgeukia Makereta peke yake.

"Nimesikia kuna picha yangu hapa," alisema.

"Mwambie si picha yake," Ilaitia alimwambia Makereta.

"Mwambie mimi nilikuwa kwangu. Kamera ndiyo iliyokuja kwangu." Waisale akainama juu ya meza, akajitazama. "Makereta, hii ni nini?"

Pembeni pale alikuwa amevutika mpaka amekuwa mpana kama mlango wa ghala, kichwa kimelala upande kama yai.

"Ulisimama pembeni, baba," alisema Makereta. "Pembeni kioo kinavuta."

"Kwaya nzima itaniona hivi?"

"Mchungaji ameshakuona. Kasema unafanana na mlinzi."

Ilaitia alitoa sauti puani, akaigeuza kuwa kikohozi. Kwa hiyo wote wawili walikuwa wanaitaka picha nyingine, kila mmoja kwa sababu yake, na kwa kuwa waumini wote walikuwa wanangoja kuwaona ndugu pamoja, hakuna aliyethubutu kusema apigwe peke yake. Makereta aliwapa siku ya Alhamisi. Akaniomba niende kumfukuzia kuku.

Kiti kirefu kiliwekwa katikati ya zile hatua ishirini, kati ya baraza na baraza. Ilaitia aliketi mwisho huu. Waisale aliketi mwisho ule. Katikati pangetosha watu wanne.

"Mkikaa hivyo mtatoka walinzi wawili," alisema Makereta.

"Mwambie asogee," alisema Ilaitia.

"Mwambie yeye ndiye mkubwa," alisema Waisale. "Mkubwa huanza."

"Mwambie mdogo humfuata mkubwa."

Makereta aliweka kamera chini. "Mimi simwambii mtu neno. Kioo kina katikati moja tu. Anayetaka uso wake wa kawaida aende katikati. Asiyetaka abaki apate upana."

Walifikiri. Ilaitia alisogea kiasi cha kiganja. Waisale akasogea kiganja. Ilichukua muda mrefu, kiganja kwa kiganja, wake zao wakitazama kutoka kwenye ua. Mwisho magoti yakagusana. Wote wawili walitazama mbele kama watu walioketi kwenye boti mbovu.

Wingu likaja likafunika jua. Makereta akasema tusubiri.

Tulisubiri. Sijui ilikuwa mazoea tu au nini, lakini Ilaitia, kijiti mkononi, alianza kukigonga gotini, na baada ya kugonga akaanza kuvumisha wimbo kooni, ule ule wa Suva. Alivumisha sauti ya kwanza. Alifika mahali ambapo besi huingia, na besi ikaingia. Nadhani ilimtoka Waisale bila kuomba ruhusa. Walikwenda pamoja mistari miwili, nzuri kabisa. Kisha Ilaitia akasimamisha kijiti. Alisema kwa upole, bila kumgeukia:

"Bado iko chini."

Waisale alifikiri.

"Iko chini kwa sababu ni besi," alisema.

Alianza kucheka mke wa Ilaitia, kule uani, akashika mti. Kisha Ilaitia mwenyewe, kwanza mabega, kisha tumbo, kisha tai. Waisale alijaribu kubaki na uso wa heshima mpaka machozi yakamsaliti. Kaka yake alimpiga paja kwa kile kijiti, akasema, "Mpumbavu wewe, miaka minane ulikuwa na jibu hilo?" na mwingine akajibu, "Nimelipata sasa hivi," na hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza uso kwa uso.

Makereta alipiga picha moja tu, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anacheka na kamera ilikuwa inaruka. Ilitoka imeinama: nyumba zote mbili zimeegemeana, minazi inaanguka ndani, mmoja wa kuku niliokuwa nawafukuza yuko hewani. Mzungu wa Nyuzilandi angeona aibu. Wazee wawili wako katikati, vinywa wazi, meno ya Waisale yote manne yanaonekana.

Kamati ya kwaya ilijadili wiki mbili kama picha ya watu wanaocheka hivyo inafaa ukumbi wa kanisa. Mama Torika wa cherehani alisema haina heshima. Mchungaji Aporosa, ambaye sasa alikuwa anajua ukweli wote na alikuwa mpole kuliko kawaida, alisema itundikwe. Ikatundikwa. Chini yake fundi aliandika kwa rangi nyeupe: Ilaitia, kiongozi wa kwaya, miaka thelathini na mmoja.

Siku chache baadaye mtu aliongeza kwa penseli, kwa mwandiko uliopinda, "na besi yake." Aliyeandika alijulikana, na hakuna aliyekwenda kufuta.